Safari ya Elimu Ng'ambo na Masharti Yake

Msomaji, yamkini siku moja utaletewa bahasha kutoka chuo cha nchi ya mbali, nawe utaifungua kwa mikono inayotetemeka. Ndani yake utakuta karatasi za kujaza. Zitakuuliza jina lako na jina la baba yako, umesoma miaka mingapi, umefaulu mtihani gani na kwa daraja gani, nani atakulipia karo, kifua chako ki salama au kina maradhi, na je, masomo yakiisha utarudi kwenu? Utazijaza kwa haraka, maana kijana anayetaka kwenda hana subira ya kuyatafakari maswali. Lakini kila swali lina asili yake. Liliandikwa na watu fulani, katika mwaka fulani, kwa hofu fulani au kwa tumaini fulani. Katika insha hii nataka kukueleza jinsi maswali hayo yalivyowakabili vijana wa Kenya katika miaka ya mwisho ya utawala wa Kiingereza. Wakati huo ndipo ilipodhihirika kwamba sharti la kuingia chuoni halikuwa jambo la karani peke yake: liliweza kuiweka nchi nzima nje ya mlango, na likibadilika, liliweza kuiingiza ndani.

Tuanze na Makerere, kwa maana huko ndiko macho ya kila mwanafunzi hodari wa Afrika Mashariki yalikoelekea. Mwaka 1922 shule ya ufundi ilifunguliwa juu ya kilima hicho cha Kampala, nayo ilikuwa na wanafunzi 14 tu. Ilikua kidogo kidogo, na mwaka 1949 ikapandishwa cheo, ikafungamana na Chuo Kikuu cha London. Walimu walifundisha Kampala, lakini mitihani na shahada zilikuwa za London. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilichokuwa chuo cha juu cha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kwa pamoja. Nairobi ilipopata Chuo cha Ufundi cha Kifalme, kilichopokea wanafunzi mwaka 1956, nafasi ziliongezeka, lakini haja ilikuwa imekwisha kuzitangulia nafasi kwa mbali.

Hebu sasa tufanye hesabu kidogo, kwa sababu ndani ya hesabu hii imo siri ya mambo yote yatakayofuata. Mtoto wa Kiafrika wa Kenya katika miaka ya 1950 alisoma miaka minne ya shule ya msingi, miaka minne ya shule ya kati, na miaka minne ya sekondari. Jumla yake ni miaka 12. Mwishoni alifanya mtihani wa Cheti cha Shule cha Cambridge, na karatasi zake zikapelekwa Uingereza zikasahihishwe na watu wasiomjua. Cheti hicho hakikutolewa kwa somo moja moja. Aliyeanguka katika Kiingereza alianguka katika vyote, hata kama alikuwa bingwa wa hesabu. Aliyefaulu vizuri mno aliweza kuchaguliwa kwenda Makerere, na huko alikaa miaka miwili ya matayarisho kabla ya kuanza masomo ya shahada yenyewe, ambayo kwa kawaida yalikuwa miaka mitatu. Kwa hiyo njia ya Kiingereza ilikuwa miaka 12, kisha miwili, kisha mitatu. Katika kila makutano ya njia hiyo palikuwa na ungo, na kila ungo ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia. Mtihani ulimpepeta mwanafunzi, na asiyepita aliambiwa akatafute kazi ya ukarani, ya ualimu au ya upolisi.

Watu waliotunga masharti hayo hawakuwa wote na nia mbaya. Wengi wao waliamini kwa dhati kwamba shahada ya Afrika ikiwa hafifu kuliko ya London, Mwafrika atadharauliwa daima. Hoja hiyo ina nguvu, nami siwezi kuipuuza. Lakini hoja njema yaweza kuzaa matokeo mabaya. Nchi iliyohitaji mahakimu, madaktari, wahandisi na wakuu wa wilaya kwa mamia ilikuwa ikiwapata kwa makumi, na mtawala aliweza kusema kwa uso mkavu kwamba uhuru hauwezekani kwa kuwa hapana watu waliosoma.

Hata hivyo walikuwapo waliokwisha kupata njia nyingine. Peter Mbiyu Koinange alikwenda Marekani mwaka 1927, akaanza katika shule ya Hampton huko Virginia, iliyoasisiwa mwaka 1868 kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, kisha akapanda hadi Chuo Kikuu cha Columbia. Aliporudi alianzisha chuo cha walimu cha Githunguri, mwaka 1939. Eliud Mathu alipitia Fort Hare ya Afrika Kusini, akafika Oxford, na mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya.

Kisa cha Jomo Kenyatta ndicho kinachonifurahisha zaidi. Katika miaka ya 1930 alikuwa London bila ya shahada yoyote mkononi. Kwa kanuni za kawaida mtu wa namna hiyo hakustahili kuketi katika darasa la waliokwisha hitimu. Lakini Profesa Bronislaw Malinowski wa London School of Economics aliona kwamba mtu huyu alijua mila za watu wake kuliko msafiri yeyote aliyeandika juu yao, akamkubali awe mwanafunzi wake katika elimu ya jamii za watu. Matunda yake yalikuwa kitabu Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Msomaji, tia jambo hili akilini: profesa mmoja aliyekuwa na uhuru wa kulitazama sharti upya aliweza kumfungulia mlango mtu ambaye karatasi zake zingemfungia nje.

Mwingine alikuwa Julius Gikonyo Kiano. Aliondoka mwaka 1948, akasoma Antioch, Stanford na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, akarudi mwaka 1956 akiwa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa. Akafundisha katika Chuo cha Ufundi cha Kifalme, Nairobi, kisha akaingia katika siasa. Vijana walimjia na swali moja: wewe ulifikaje huko?

Sasa tumfikie Tom Mboya. Watu wengi humkumbuka kama kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na mnenaji asiye na kifani, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38. Wachache hukumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliofungiwa mlango. Alisoma katika Chuo cha Holy Ghost, Mang'u, lakini ukosefu wa fedha ulimkatiza kabla ya Cheti cha Cambridge. Akajifunza kazi ya Bwana Afya, akaajiriwa na mji wa Nairobi, akaingia katika mambo ya vyama. Mwaka 1955 alikwenda kusoma Ruskin, chuo cha mji wa Oxford kilichoasisiwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, ambacho hakikuwauliza watu vyeti vya mitihani. Kilitazama kazi aliyoifanya mtu na akili aliyoionyesha. Mboya alikaa huko mwaka mmoja, na kabla ya kurudi nyumbani mwaka 1956 alizuru Marekani. Huko alifanya urafiki na mfanyabiashara kijana, William Scheinman, ambaye alianza kuwalipia vijana wa Kenya nauli, mmoja mmoja.

Katika Marekani Mboya aliona jambo ambalo Koinange na Kiano walikwisha liona. Huko hapakuwa na mtihani mmoja wa serikali wa kuingia vyuoni, wala wizara moja ya kuamua nani anastahili. Kila chuo kilijitungia masharti yake. Kilitaka orodha ya alama za mwanafunzi, barua za walimu wake, na mara nyingi maelezo ambayo mwanafunzi mwenyewe ameyaandika kueleza yeye ni nani na anataka nini. Zaidi ya hayo, chuo cha Marekani kilimpokea mwanafunzi baada ya miaka 12 ya shule, kikamfundisha kwa miaka minne. Rudi kwenye hesabu yetu, msomaji. Miaka 12 ndiyo hasa aliyokuwa nayo kijana wa Kenya mwenye Cheti cha Cambridge! Kijana yule yule ambaye kwa kanuni ya Kiingereza alikuwa bado hajawa tayari, kwa kanuni ya Kimarekani alikuwa tayari tangu siku alipopokea cheti chake. Ubongo wake haukubadilika alipovuka bahari. Kilichobadilika ni kipimo.

Hapo ndipo kazi kubwa ya karatasi ilipoanza. Mboya, Kiano na Kariuki Njiiri, ambaye naye alikuwa amesoma Marekani, waliketi kuchagua. Vijana waliandika barua kwa vyuo ambavyo majina yao waliyapata kwa walimu, kwa wamisionari, au kwa ndugu aliyetangulia. Wengine waliandika kwa vyuo 10 ili wajibiwe na viwili. Chuo kikikubali, mara nyingi kilisamehe karo, na pengine kilitoa chumba na chakula au kumwahidi mwanafunzi kazi ya jikoni au ya maktaba. Lakini karibu hapakuwa na chuo kilicholipa nauli, na nauli ya ndege kutoka Nairobi hadi New York ilikuwa fedha nyingi kuliko mkulima wa kawaida alivyoweza kuzikusanya kwa miaka kadhaa. Basi palikuwa na vijana wenye barua za kukubaliwa mifukoni, wasioweza kwenda.

Tena barua ya chuo ilikuwa mwanzo tu. Kwanza pasipoti. Katika sheria ya Kiingereza pasipoti ilikuwa hisani ya serikali. Haikuwa haki ya raia. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, na kijana wa Kikuyu, wa Embu au wa Meru ambaye jamaa yake alitiliwa shaka alijua kwamba neno moja la afisa wa wilaya laweza kuizima safari yake.

Kisha viza. Sheria ya Marekani ya mwaka 1952 juu ya uhamiaji na uraia ilieleza mwanafunzi wa kigeni ni mtu wa namna gani, na maneno yake, kwa ufupi, ni haya: awe mwanafunzi wa kweli, awe anastahili kusoma masomo kamili, aende kwa muda na kwa ajili ya kusoma tu, chuo chake kiwe kimeidhinishwa na serikali, na awe na makao katika nchi yake ambayo hana nia ya kuyaacha. Chuo kilimletea fomu ya kuthibitisha kwamba kimemkubali, naye akaipeleka kwa balozi mdogo wa Marekani mjini Nairobi. Huko alionyesha jinsi atakavyojikimu. Alipimwa na daktari na kupigwa picha ya kifua, kwa kuwa sheria hiyo ilimkataza mtu mwenye kifua kikuu asiingie. Wala hapakuwa bado na mtihani wa Kiingereza kwa wageni unaoitwa TOEFL, ambao vijana wa siku hizi wanaujua sana. Huo ulianza kutolewa mwaka 1964. Kiingereza cha wale wa kwanza kilipimwa kwa barua zao na kwa mazungumzo.

Na fedha za masurufu zilitoka wapi? Hapa ndipo sharti lililoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja lilipogeuka kuwa mzigo wa kijiji. Palifanywa karamu za chai, na kila aliyekunywa kikombe alilipa kuliko thamani ya kikombe. Watu waliuza mbuzi na kuku, wakinamama walichanga senti, makanisa yalipitisha sahani, na mzee aliyekuwa na ng'ombe wawili alimtoa mmoja. Sheria ya ugenini ilimtaka mwombaji aonyeshe mali yake. Yeye alionyesha mali ya ukoo na ya jirani. Kwa sababu hiyo, kijana alipopanda ndege hakuwa huru kama abiria wengine. Alikuwa amebeba deni ambalo halikuandikwa katika karatasi yoyote.

Mboya alirudi Marekani katika miezi ya Aprili na Mei 1959, akahutubia mji baada ya mji. Marafiki zake walikwisha kuunda shirika la kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika, na barua ya kuomba fedha ilitiwa sahihi na mchezaji mashuhuri Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Wengi waliochanga walikuwa watu weusi wa Marekani, ambao babu zao hawakuulizwa kama wanastahili kuvuka bahari hiyo. Badala ya kununua tiketi moja moja, shirika lilikodi ndege nzima, na mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 wakaruka kutoka Nairobi mpaka New York, wasichana wakiwamo.

Mwaka uliofuata waliotaka kwenda walikuwa wengi zaidi, na si wa Kenya peke yake. Walikuwamo wa Uganda, Tanganyika, Unguja na nchi zilizo kusini yake. Serikali ya Marekani iliombwa nauli, ikakataa. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alikwenda Hyannis Port kumwona Seneta John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na mfuko wa hisani wa jamaa ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wapinzani wa Kennedy waliposikia, serikali ile ile iliyokataa ikajitokeza ghafula na ahadi ya fedha kama hizo. Siasa ya Marekani ina vichekesho vyake. Hadi mwaka 1963 waliosafiri kwa mpango huu walikuwa karibu 800.

Usidhani kwamba aliyefika alikuwa amemaliza masharti. Alikuwa ameyaanza. Mwanafunzi wa kigeni alitakiwa kusoma masomo kamili, kwa kawaida saa zisizopungua 12 za darasa kwa juma, na akipunguza bila ya ruhusa alipoteza haki ya kukaa nchini. Alama zake zikishuka chini ya wastani aliwekwa katika majaribio, na zisipopanda alifukuzwa. Na aliyefukuzwa chuoni hakufukuzwa chuoni tu, maana ukaaji wake wote ulitegemea chuo kile. Kufanya kazi nje ya chuo kulihitaji idhini ya Idara ya Uhamiaji. Wakati wa likizo ya kiangazi wengi walifanya kazi mashambani, viwandani na hotelini, kwa kuwa udhamini wa chuo haukununua koti la baridi, nao walikuwa wametoka nchi isiyojua theluji ila juu ya kilele cha mlima.

Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, ni mfano wa pande zote mbili. Hakuwa na Cheti cha Cambridge, kwani aliondoka Maseno kabla ya kumaliza. Alisoma kwa posta, akasaidiwa na wanawake wawili Wamarekani waliokuwa Nairobi, akakubaliwa na Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959. Ndege ile ya kwanza haikumchukua. Alikwenda kwa njia yake. Alimaliza shahada yake mwaka 1962, akaendelea Harvard. Lakini mwaka 1964 Idara ya Uhamiaji ilikataa kumwongezea muda, akalazimika kurudi nyumbani kabla ya kukamilisha udaktari aliokuwa akiusomea. Mlango ulimpokea bila ya cheti. Kisha mlango wa pili ukafungwa na akili yake ile ile iko ndani ya kichwa chake.

Wangari Muta, ambaye baadaye tulimjua kwa jina la Wangari Maathai, alikuwa katika kundi la mwaka 1960. Alikuwa amemaliza Loreto, Limuru, na alipelekwa chuo cha masista Wabenedikto cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, jimbo la Kansas. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza kwamba njiani, wakiwa katika basi, walisimama katika mkahawa mmoja huko Indiana wanywe soda, wakaambiwa wanunue lakini wakanywee nje, kwa kuwa watu weusi hawakai ndani. Fikiri jambo hilo. Msichana huyo alikuwa ametimiza sharti la shule, la chuo, la pasipoti, la daktari na la balozi. Sharti la mkahawa halikuandikwa katika fomu yoyote aliyoijaza Nairobi. Alisoma elimu ya viumbe, akahitimu mwaka 1964, akapata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966.

Palikuwa na njia nyingine tena, nayo haikupitia ofisi ya balozi. Mwezi wa Februari 1960 Urusi ya Kisovieti ilianzisha mjini Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Watu, na mwaka uliofuata kikapewa jina la Patrice Lumumba. Masharti yake yalimvutia maskini: hakikutoza karo, kilimpa mwanafunzi posho, na asiyejua Kirusi alifundishwa lugha kwanza. Oginga Odinga ndiye aliyewasaidia vijana wengi kuzifikia nchi za Mashariki. Serikali ya kikoloni haikutaka kuwapa pasipoti waendao huko, basi wengine walipita Uganda na Sudan, kwa lori na kwa miguu, wakiufuata mto wa Nile hadi Cairo, wakapata huko karatasi za kuendelea na safari. Kwa macho ya serikali yao hawa hawakuwa wanafunzi, walikuwa watoro.

Je, wakubwa wa kikoloni waliosema kwamba vyuo vingi vya Marekani ni hafifu walikosea? Sitaki kukudanganya. Vyuo vya Marekani vilikuwa vya kila namna, vikubwa na vidogo, vingine vyenye sifa ya dunia, vingine vyenye maktaba ndogo kuliko ya shule nzuri ya bweni. Wapo vijana waliofika mahali pasipowafaa, na wapo waliorudi bila ya shahada. Lakini hoja ile ilikuwa na dosari moja ambayo naona haina dawa: iliyalinganisha masomo ya Marekani na ya London, ilhali kijana aliyekuwa akizungumziwa hakuwa na nafasi ya London wala ya Makerere. Kwake yeye chaguo lilikuwa kati ya chuo kidogo cha Kansas na meza ya karani. Uhuru ulipofika tarehe 12 Desemba 1963, na Waingereza wakaanza kufungasha, nafasi zao katika wizara, katika madarasa na katika maabara zilihitaji watu wa kukalia viti siku ile ile. Wengi wa waliovikalia walikuwa wale ambao kipimo cha zamani kiliwahesabu kuwa hawajawa tayari.

Na hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wachache hulitambua. Mwezi wa Januari 1985 Kenya yenyewe iliacha kidato cha tano na cha sita, ikaweka miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Jumlisha: miaka 12, kisha minne. Ndiyo hesabu ile ile ya Kimarekani! Basi mambo yakageuka juu chini. Kijana wa Kenya aliyeomba nafasi Uingereza alianza kuambiwa na vyuo vingi vya huko kwamba amepungukiwa, asome kwanza mwaka mmoja wa matayarisho. Baba yake, kwa elimu ya zamani ya kidato cha sita, asingeambiwa hivyo.

Nimelibakiza kusudi swali la mwisho katika karatasi zako, lile la kurudi. Mwaka 1959 lilikuwa jepesi. Mwanafunzi aliyeulizwa na balozi kama ana nia ya kuyaacha makao yake angeona ni swali la ajabu. Nchi yake ilikuwa ikingoja uhuru. Kazi zilimngoja zikiwa nyingi kuliko watu. Mbuzi wa jirani walikuwa wameuzwa kwa ajili yake. Aliitikia bila ya kufikiri, na walio wengi walirudi.

Sheria ile ya mwaka 1952 imerekebishwa mara nyingi, na picha ya kifua na karatasi za kuandikwa kwa mkono zimepatana na mitambo mipya. Maneno juu ya makao ambayo mwanafunzi hana nia ya kuyaacha yamo bado. Kila mwaka, kabla ya masomo ya Septemba, vijana wa Kenya hupanga foleni katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, kila mmoja na bahasha yake kwapani. Afisa aliye nyuma ya kioo huuliza unakwenda kusoma nini, nani analipa, na baada ya masomo utafanya nini. Kijana wa leo hujiandaa kwa swali hilo la tatu kuliko yote. Huwauliza waliotangulia lijibiwe namna gani, hufanya mazoezi mbele ya kioo cha nyumbani, na usiku wa kuamkia siku ile mama yake humwita sebuleni, akamwuliza lile lile, kwa sauti ya chini, naye hataki jibu la mazoezi.